Kuacha pombe na dawa za kulevya bila kutegemea kiapo: mwongozo wa tiba ya tabia

Mtu aliyezidiwa na pombe kwa kawaida ameshaacha zaidi ya mara moja. Aliacha Mwaka Mpya, akaacha mtoto alipobatizwa, akaacha tena siku alipoamkia mtaroni. Kila kiapo kilikuwa cha kweli. Kilichokosekana ni mpango wa Jumamosi saa kumi jioni, wakati fedha iko mfukoni, tumbo liko tupu, na njia ya nyumbani inapita mlangoni mwa kilabu. Kazi ya tiba ya tabia ni kuutengeneza mpango huo: kuchunguza nini hutangulia kikombe au kete, nini hufuata, kisha kubadilisha kimoja baada ya kingine huku mtu akifundishwa stadi asizokuwa nazo.

Maelezo haya ni ya anayetaka kubadilika, ndugu zake, na wanaoshauri watu katika zahanati, makanisa, misikiti na vijiwe vya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe. Vinywaji tunavyovisemea ni vya huku: ulanzi wa utomvu wa mianzi, komoni ya nafaka, gongo, yaani pombe kali ya kienyeji, na bia. Kwa bangi na unga, yaani heroini, tutasema palipo na tofauti.

Kwanza, je, ni salama kuacha ghafla?

Anayekunywa kila siku, hasa yule anayelazimika kuzimua asubuhi ili mikono itulie, asiache ghafla akiwa nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kuja kati ya saa 6 na 48. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa, huona wadudu ukutani, joto la mwili hupanda na moyo kwenda mbio, na hali hiyo ikiachwa huua. Vijijini husemwa karogwa, na siku mbili za kumwokoa zikaishia kwa mganga.

Mpelekeni hospitali, na mseme wazi anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Atapewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, kwa kuwa wanywaji wa muda mrefu huwa wameishiwa nayo na upungufu huo huharibu ubongo. Aliyewahi kupata degedege alipoacha zamani asijaribu tena nyumbani, hata kama anajiona mzima.

Arosto ya unga, yaani mateso ya mwili unaponyimwa dawa, ni jambo jingine. Huanza saa 8 hadi 24 baada ya kete ya mwisho, hukolea siku ya pili na ya tatu, na maumivu makali huisha ndani ya siku 10 hivi. Inatesa mno, ila mara chache huua. Kinachoua ni kete ya baadaye: aliyekaa wiki mbili bila kutumia, mwili wake umepoteza uzoefu, na kiasi alichokimudu zamani sasa kinatosha kumzuia kupumua. Kwa sababu hiyo, kwa watumiaji wa unga ushauri hujengwa juu ya methadoni, dawa mbadala inayotolewa kliniki, hauchukui nafasi yake. Tanzania Bara huduma hiyo ilianzia Muhimbili mwaka 2011, na kwa nyanda za juu kusini kliniki ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Kwa bangi hali ni kinyume. Hakuna dawa maalumu ya kuiachisha, hivyo stadi zilizoelezwa hapa ndizo tiba yenyewe.

Neno moja kuhusu poda ya "kuachisha pombe" inayouzwa minadani ili mke amtilie mume kwenye mboga: msifanye. Baadhi ya dawa za namna hiyo humfanya anayekunywa apatwe na kutapika, presha kushuka na moyo kwenda hovyo. Akipewa kwa siri naye akanywa kama kawaida yake, anaweza kufia kilabuni. Na akigundua, imani aliyokuwa nayo kwa familia imekwisha, wakati tiba yote inasimama juu ya imani hiyo.

Pima kabla hujabadilisha

Wiki ya kwanza usiahidi kitu. Andika tu. Kwa kinywaji cha kiwandani hesabu ni rahisi: zidisha mililita kwa asilimia ya kileo, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79, unapata gramu za kileo. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina gramu 55, karibu sawa na bia tatu kasoro kidogo, ingawa kinaingia kwenye mfuko wa shati. Viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini kichupa bado kinaingia mfukoni, na mnywaji wa vichupa hujihesabu kuwa "nimekunywa kimoja tu".

Pombe za kienyeji hazina lebo. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu na mwepesi. Ule uliolala, mkangafu, ni mkali zaidi ingawa kipimo ni lita ileile. Kwa hiyo andika lita, andika kama ni wa leo au wa jana, na andika shilingi zilizotoka. Komoni ihesabiwe hivyohivyo. Gongo usijisumbue kukadiria, kwa sababu nguvu yake hubadilika kutoka kwa mpishi mmoja hadi mwingine. Weka idadi ya vipimo na saa ulizokunywa.

Mhudumu wa afya anaweza kukuuliza maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani yanayojulikana kwa kifupi AUDIT. Jumla ya alama ni 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji unaelekea kwenye madhara. Kuanzia 16 mtu anahitaji kushauriwa na kufuatiliwa. 20 na kuendelea achunguzwe uraibu kwa kina. Wengi hupata alama kubwa kuliko walivyotarajia. Mshauri asizitumie kumtisha mtu. Amwonyeshe tu, kisha anyamaze amsikilize.

Mnyororo: sehemu inayotakiwa kufanywa kwa subira

Hapa ndipo tiba ilipo, na hapa ndipo wengi huparaza. Kila unywaji una mnyororo: mahali, saa, watu, hali ya mwili, wazo, hisia, tendo, faida ya papo hapo, na hasara ya baadaye. Chora mistari kwenye daftari la kawaida, safu moja kwa kila kimoja, na ujaze asubuhi iliyofuata kabla kumbukumbu haijapooza. Asiyejua kuandika ajirekodi kwa simu au amsimulie mtu mmoja, yuleyule kila mara.

Chukua fundi ujenzi wa Mwanjelwa, Mbeya, anayelipwa Jumamosi. Ukimuuliza kwa nini alikunywa atasema, "Nilikutana na washkaji." Jibu hilo halina msaada. Mrudishe nyuma saa kwa saa, na mambo yanajitokeza hivi. Saa nne asubuhi alikunywa chai na chapati mbili, hakula tena. Saa nane alilipwa taslimu. Kazini alikaripiwa na msimamizi mbele ya vijana wake. Njia fupi ya kwenda nyumbani inapita dukani kwa mama anayemdai, basi akazunguka, na kuzunguka kwenyewe kukamfikisha kwenye kona ya kilabu. Akajiambia, "Nakula supu tu." Supu ikaja na bia moja ya kutoa vumbi. Ya pili alinunuliwa. Ya tatu ilibidi anunue yeye, maana huwezi kunywa ya mwenzio ukaondoka. Faida: dakika arobaini za kucheka, karipio limesahaulika. Hasara: saa tano usiku amebaki na nauli, Jumapili amezimua, Jumatatu kachelewa kazini na kukaripiwa tena.

Sasa tazama pa kukata. Anayejaribu kukata kwenye bia ya pili anapambana na mnyororo mahali ulipo imara kuliko kote. Viungo dhaifu viko mbali: njaa ya saa nane, fedha taslimu, na deni la dukani lililombadilishia njia. Amwombe mwajiri amtumie malipo kwenye simu ya mkewe au ya dada yake, au Jumatatu asubuhi. Ale ugali palepale kazini kabla ya kuondoka. Deni alipe kidogokidogo kila wiki, ili aweze kupita njia fupi bila aibu. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachoitwa "kuacha pombe", na watu hudharau kwa sababu hiyo. Lakini maamuzi madogo yanayoonekana hayana uzito, kama lile la kuzunguka duka, ndiyo yanayompeleka mtu kilabuni huku akiamini amefika kwa bahati mbaya. Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt, aliyechunguza sana namna watu wanavyorudia, aliyapa maamuzi haya uzito mkubwa katika tiba yake, na uzoefu wa vijiwe vyetu unamuunga mkono.

Mnyororo mmoja hautoshi. Jaza mitano au sita, kisha tafuta kinachojirudia. Kwa wengi ni njaa, hasira, upweke au uchovu. Huku kwetu ongeza baridi. Juni na Julai, kuanzia Uyole hadi Makete, utasikia "napasha mwili". Ukweli ni kwamba pombe hufungua mishipa ya damu ya ngozi. Unahisi joto kwa sababu joto la ndani linatoka nje, na mwili unazidi kupoa. Aliyelala nje amelewa wakati wa baridi yuko hatarini zaidi ya aliyelala nje bila kunywa. Badala yake weka chai ya tangawizi kwenye chupa, na koti zito la mtumba. Yanasaidia kuliko mahubiri.

Mshauri aseme nini, na anyamaze wapi

Anayelazimishwa hujitetea, na kadiri anavyojitetea ndivyo anavyojishawishi kuendelea. Mahojiano ya kuhamasisha, yaliyoanzishwa na William Miller mwaka 1983 na kuendelezwa naye pamoja na Stephen Rollnick, yanapindua mambo: sababu za kubadilika zitoke kinywani mwa mhusika. Sikiliza mazungumzo haya ya mfano kati ya muuguzi kijana na mzee wa Kilolo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeletwa na mama yenu huyu. Mimi ulanzi wangu hauna shida."

"Mama ana wasiwasi, wewe huoni tatizo. Ulanzi unakusaidia nini, baba?"

"Unanikutanisha na wenzangu. Nitakaa na nani pale nyumbani?"

"Na upande usioupenda?"

"Hela. Na mjukuu siku hizi ananikimbia nikirudi."

"Kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, kupunguza kuna umuhimu gani kwako?"

"Nne."

"Kwa nini nne, isiwe moja?"

Swali la mwisho ndilo lenye kazi. Akiulizwa kwa nini si kumi, angeorodhesha vizuizi. Akiulizwa kwa nini si moja, anataja sababu zake mwenyewe, na huenda mjukuu akarudi kwenye mazungumzo. Muuguzi hajamtetea mama wala kumpinga mzee. Kazi iliyobaki ni kumrudishia maneno yake kwa ufupi na kuuliza, "Sasa ungependa tuanzie wapi?" Makosa ya kawaida ya washauri ni kutoa ushauri dakika ya pili, kuuliza maswali matano mfululizo kama polisi, na kushangilia mapema. Mazungumzo ya namna hii mara moja hadi nne yanaweza kumtosha mtu ambaye hajazama. Aliyezama yanamfungulia mlango wa tiba ndefu.

Hamu inapokuja

Hamu hupanda, hufika kileleni, hushuka. Mara nyingi haizidi dakika 20 au 30 kama hujailisha. Asiyejua hilo huamini itapanda mpaka imshinde, akakubali mapema. Fanya hivi: tazama saa, ipe hamu alama kati ya sifuri na kumi, ondoka ulipo, kunywa maji au uji, na mpigie mtu mliyekubaliana. Baada ya dakika tano ipe alama tena. Ikishuka kutoka nane hadi sita umeona kwa macho yako kwamba inashuka, na mara ijayo utaisubiri kwa imani zaidi. Wengine husaidiwa na kuitazama tu mwilini, kooni, kifuani, tumboni, wakipumua taratibu bila kupigana nayo.

Ondoa kilicho karibu. Chupa za akiba, kibiriti na karatasi za kusokotea, namba ya muuza kete: vyote vitoke siku hiyohiyo. Usiweke bia "za wageni". Na jihadhari na ulanzi mtamu wa asubuhi unaonywewa kama soda; ndani ya saa chache unachacha, na mkono uliozoea kushika kikombe kile hautofautishi wa saa moja na wa saa kumi. Togwa ni nafuu ikinywewa siku ilipopikwa; ikilala siku mbili tatu nayo si togwa tena.

Kukataa mbele ya watu

Huu ni ustadi wa mdomo, na hujengwa kwa mazoezi kama wimbo wa kwaya. Mshauri au rafiki aigize mlevi mkarimu, wewe ukatae, mrudie mara kumi mpaka maneno yatoke bila kigugumizi. Neno la kwanza liwe "hapana" au "asante, nimeacha". Mtazame usoni. Omba kingine: "Niletee soda baridi." Geuza mazungumzo. Akisisitiza mara ya tatu, simama uage.

Visingizio virefu ni hasara. "Natumia dozi" hufanya kazi wiki moja, kisha mtu anauliza, "Dozi haijaisha tu?" "Sina hela" ni mwaliko wa kununuliwa. Ukweli mfupi ndio unaodumu.

Msibani ni pagumu kuliko harusini, kwa kuwa huwezi kukosa kwenda na mkesha ni mrefu. Nenda umeshiba, nenda na mtu anayejua mpango wako, na uombe kazi yenye kiti: kuandika daftari la rambirambi, kupokea wageni, kusimamia viti. Mwenye daftari hakai nyuma ya nyumba palipo na dumu. Ondoka kabla giza halijaingia, urudi asubuhi.

Zawadi zinazofanya kazi na zinazoharibu

Ubongo hufuata malipo ya karibu. Pombe hulipa ndani ya dakika kumi, ilhali afya njema hulipa baada ya miezi. Tiba ya zawadi huziba pengo hilo: mtu anapimwa mkojo mara mbili au tatu kwa wiki, akiwa safi anapata kitu palepale, na thamani hupanda kadiri anavyoendelea kuwa safi. Akiteleza, thamani inarudi mwanzo, ila hanyang'anywi alichokwisha kupata. Nancy Petry, aliyekuwa mtafiti nchini Marekani, alitumia bakuli lenye vikaratasi 500 ambavyo nusu yake vilikuwa na pongezi tupu, na vingi vya vilivyobaki vikiwa na zawadi ndogo. Watu walibaki kwenye tiba kwa ajili ya kuchota. Kwa kokeini na aina nyingine za vichangamshi, njia hii ina ushahidi wenye nguvu kuliko tiba nyingine zote.

Kikundi kinaweza kutengeneza bakuli la vikaratasi 100: hamsini vya pongezi, arobaini vya vocha ndogo, sabuni au kilo ya sukari, tisa vya kitu kikubwa kidogo, kimoja cha blanketi. Hapa ndipo huharibikia: zawadi kuahidiwa ikachelewa, mama kutoa kwa huruma ingawa kipimo hakikuwa safi, fedha taslimu kutumika, vitu vya lazima kama ada ya shule kugeuzwa zawadi. Kipimo nacho kieleweke. Bangi kwa aliyekuwa akivuta kila siku huonekana kwenye mkojo kwa wiki kadhaa baada ya kuacha, hivyo majibu ya mwanzo yasitumike kumwita mwongo. Heroini huonekana siku mbili tatu. Pombe hutoka mapema mno kwa vipimo vya kawaida, kwa hiyo kwa mnywaji zawadi huambatana na mambo yanayoonekana: amehudhuria kikao, ameleta daftari lililojazwa, amefika kazini Jumatatu.

Ndugu wafanye nini

Robert Meyers na wenzake walitengeneza mafunzo ya familia ambayo mhusika mwenyewe hahitaji kuhudhuria. Katika tafiti za Marekani, takriban theluthi mbili ya waliokuwa wakikataa tiba waliingia baada ya ndugu zao kufundishwa. Kiini chake ni rahisi kusema na kigumu kutenda. Usibishane naye akiwa amelewa. Maneno yote yasubiri asubuhi, pombe ikishamtoka. Akiwa mzima, mpe muda wako: mkaribishe mezani, chekeni pamoja, mwende shambani. Akilewa, ondoka kwa utulivu na kumweleza sababu kwa sentensi moja. Usimfunikie: usimpigie bosi kusema anaumwa malaria, usimlipie deni la kilabu, usimwoshe nguo alizotapikia. Matokeo yamfikie mwenyewe, isipokuwa yanapohatarisha maisha yake au watoto.

Ombi la kwenda tiba litolewe siku sahihi, kwa kawaida asubuhi anayojutia, na huduma iwe imeshapangwa. "Mume wangu, nimeongea na dada wa kituo cha afya. Alhamisi saa tatu anaweza kukuona. Nitakusindikiza." Ukimwambia tu "nenda ukatibiwe", hadi upate siku ya kliniki majuto yamekauka. Penye kipigo, usalama unatangulia yote haya: weka nguo na nyaraka kwa jirani, jua nyumba utakayokimbilia, na lifikishe suala dawati la jinsia polisi au kwa afisa ustawi wa jamii.

Akiteleza

Aliyeacha miezi mitatu akinywa kikombe kimoja hujiambia, "Nimeshaharibu, bora nimalizie." Wazo hilo huharibu zaidi ya kikombe. Liandalie kadi ya kukaa kwenye pochi, iliyoandikwa siku ya akili timamu: simama, ondoka, piga namba hii, kula, lala, kesho jaza mnyororo. Kwa mtumiaji wa unga ongeza mstari mwingine: usitumie peke yako, na kamwe usirudi kwenye kipimo cha zamani. Anayekoroma isivyo kawaida, midomo imebadilika rangi na anapumua mara chache, alazwe ubavu na akimbizwe hospitali sasa hivi. Asimwagiwe maji wala kunyweshwa maziwa.

Kanisani au msikitini kuteleza hufanywa dhambi ya kuungama mbele ya wote, na wengi hupotea kwa aibu. Viongozi wa dini wana kitu ambacho zahanati haina, yaani watu wa kukaa na mtu jioni nne kwa wiki. Wakikubali kumpokea aliyeteleza bila kumsimamisha mbele, ni washirika bora kuliko wengi. Vikundi vya kusaidiana vya walioacha, vyenye chimbuko lake Ohio mwaka 1935, navyo hufanya kazi kwa namna hiyo.

Muda, nauli na mahali

Tiba ya fikra na tabia kwa kawaida ni vikao 12 vya saa moja, kimoja kwa wiki, kisha ufuatiliaji wa mwezi hadi mwezi. Kwa anayetoka Ludewa au Isangati, nauli inaua tiba mapema kuliko hamu. Panga vikao vinne vya kwanza ana kwa ana, vinavyofuata kimoja kwa simu kimoja kliniki, na chagua siku ya mnada au ya gulio ambayo angesafiri vyovyote. Anzia zahanati au kituo cha afya na uombe rufaa kwenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Ukifikiria nyumba ya upataji nafuu, uliza kabla ya kulipa: imesajiliwa? Nani hutazama wanaopata arosto usiku? Mgonjwa anaruhusiwa kuendelea na methadoni au dawa za akili? Wanafunga watu minyororo au kuwachapa? Mpango wa siku ya kutoka ukoje? Jibu la "akitoka hapa amepona" ni sababu ya kutafuta kwingine.

Kama pombe ndiyo kipato chako

Swali hili huulizwa sana Iringa na Njombe. Mwenye mianzi huenda asubuhi na jioni kukata ncha ya chipukizi ili utomvu uendelee kutiririka, na kila akikinga huonja. Kumwambia akate mianzi yote ni kumwambia asilipe ada. Yanayowezekana ni haya: akodishe mianzi kwa mgemaji mwingine kwa msimu mzima na apokee malipo kwa simu, au mtoto mkubwa au ndugu asiyekunywa akinge, mnunuzi achukulie mianzini, na hata dumu moja lisilale nyumbani. Mpishi wa komoni amwachie mwingine kuonja na kuuza, yeye abaki na ununuzi wa nafaka na hesabu. Mipango hii ifungwe Novemba, kabla mvua hazijakolea na ulanzi haujaanza kutoka, maana ikisubiri Februari mteja wa kwanza atakuwa yeye mwenyewe. Mkataba wa mgema uandikwe, na sentensi moja iseme kwamba mwenye shamba hapewi ulanzi, hata akiomba.